Mzee Aliyeirudia Njia ya Vumbi

Ndugu msomaji, yeyote aliyekulia Voi anaujua udongo wetu. Ni mwekundu kama matofali yaliyochomwa. Huingia katika nguo usitoke, huingia masikioni, na ukiacha dirisha wazi huingia hata katika sufuria ya wali. Katika siku za utoto wangu, miaka ya sabini, udongo huo ndio uliokuwa mpasha habari wetu. Mama zetu wakiona wingu jekundu limeinuka upande wa Mwatate, walijua kwamba lori la katani laja, nao hukimbilia kuanua nguo kambani.

Lakini kulikuwa na wingu jingine, lililokuja kwa nadra, wakati Wakristo wakiwa katika sikukuu yao ya Pasaka. Hilo halikuwa la lori. Lilikwenda mbio, na nyuma yake likafuata jingine, na kabla halijafika ungesikia mlio kama wa gora la nguo linalopasuliwa. Hayo yalikuwa magari ya Safari Rally. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa mtu mkali, asiyecheza na wakati wa kusoma, lakini siku hiyo alijua kwamba hapana mtoto ambaye macho yake yataweza kutulia juu ya msahafu. Alitufungulia mapema, nasi tukatoka mbio, viatu mkononi, hadi kando ya njia.

Kila kijana alikuwa na dereva wake. Wengi wetu tulikuwa upande wa Joginder Singh, kwa kuwa ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa Kericho, au upande wa Shekhar Mehta. Ami yangu, aliyekuwa dereva wa lori akichukua katani kutoka mashamba ya Taita na Taveta kupeleka bandarini Mombasa, alikuwa peke yake. Yeye alimchagua mgeni kutoka Uswidi ambaye jina lake halikutukalia mdomoni, nasi watoto tukaligeuza kila mmoja kwa namna yake. Jina lenyewe lilikuwa Björn Waldegård. Leo nataka kukusimulia maisha ya mtu huyo, kwani tangu alipofariki mwaka 2014 nimeona kwamba vijana wetu hawamjui, ilhali yeye ametuachia somo ambalo kila mwenye kuzeeka, yaani kila mmoja wetu akijaaliwa umri, atalihitaji.

Waldegård alizaliwa tarehe 12 Novemba 1943, katika nchi ya mashamba iliyo kaskazini ya mji wa Stockholm. Alikuwa mtoto wa shamba, na hakuacha kuwa mtu wa shamba hata alipopata jina ulimwenguni. Watu wa kwao walimwita kwa kifupi Walle. Nchi ile, kama tujuavyo, wakati wa baridi hufunikwa na barafu, na njia zake za misituni huteleza kama sabuni. Mtoto anayejifunza kuendesha gari katika barafu hujifunza jambo moja mapema: kwamba gari halitawaliwi kwa nguvu, bali kwa hila na kwa subira. Ukilikaza, linakutupa. Ukilibembeleza, linakwenda.

Alianza mashindano mwaka 1962, akiwa bado hajatimiza miaka 19. Miaka sita baadaye jina lake lilikwisha kutanda. Alishinda mashindano ya kwao Uswidi mara tatu mfululizo, mwaka 1968, 1969 na 1970, akiendesha gari aina ya Porsche 911. Katika mwaka 1969 na tena 1970 alishinda Monte Carlo, mashindano ya milimani ambayo Wazungu huyahesabu kuwa ni mama wa mashindano yote ya namna hiyo. Kijana wa miaka 26 aliyekwisha kushinda Monte Carlo mara mbili angeweza kuridhika. Lakini kulikuwa na njia moja ambayo ilikuwa bado haijamkubali, nayo ni njia yetu.

Hapa inafaa nieleze Safari ilikuwa nini, kwani mashindano ya siku hizi, yaliyorudi Naivasha mwaka 2021 katika njia zilizofungwa, ni kitu kingine. Safari ilianzishwa mwaka 1953, wakati wa kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaliachiwa mojamoja, kila moja na saa yake, yakakimbia maelfu ya kilomita, mchana na usiku, katika njia za raia. Njia haikufungwa. Dereva angepiga kona akakutana na basi, au na kundi la ng'ombe, au na bibi aliyepanda punda. Kila kituo kilikuwa na wakati wake wa kufika, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa ni deni. Mwisho wa safari, mwenye deni dogo kuliko wote ndiye mshindi.

Ukiitazama vizuri hesabu hiyo, utaona kwamba haikumpa kombe mwenye mbio peke yake. Mwenye mbio aliyevunja springi huko Taita alipoteza saa nzima, na saa nzima hairudishwi kwa mbio. Na nchi yetu ilikuwa hodari wa kuvunja. Kutoka Voi kwenda Taveta siku zile ni vumbi lililoficha mashimo, vumbi laini kama unga, gurudumu likiingia hulioni tena. Ukipanda milima ya Taita kuelekea Wundanyi ni kona juu ya kona, jabali upande huu na bonde upande ule. Mvua ya masika ikinyesha, vumbi lile lile hugeuka tope lishikalo kama gundi. Madereva wengi wa ng'ambo, waliokuwa mashujaa kwao, waliacha magari yao kando ya njia zetu wakaomba lifti. Hata mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Ufini, hapakuwa na mgeni wa ng'ambo aliyewahi kuishinda Safari.

Waldegård alikaribia mwaka 1974. Alikuja na Porsche, akapigana na Joginder Singh aliyekuwa katika Mitsubishi Lancer, na mwisho Simba wetu akashinda, mgeni akawa wa pili. Mwaka 1975 alirudi na gari la Kitaliana, Lancia Stratos, akawa wa tatu. Mwaka 1977 alikuja na Ford Escort, pamoja na msoma ramani wake Hans Thorszelius. Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, magari yakizama kama viboko. Siku hiyo mtoto wa barafu alikuwa nyumbani kwake. Alishinda, na nyuma yake akaja Rauno Aaltonen wa Ufini, mtu ambaye Mungu hakumwandikia kuishinda Safari ingawa aliikaribia mara nyingi.

Ami yangu alikuwa na sababu yake ya kumpenda, nayo haikuwa ushindi. Alituambia tumtazame anapofika penye shimo. Wengine, alisema, hulipiga shimo na kumwomba Mungu. Huyu huliona mbali, huondoa mguu, gari likajiinua mbele kidogo, likavuka, ndipo hukanyaga tena. Kwa dereva wa lori lenye tani za katani mgongoni, ambaye springi ikivunjika hukatwa mshahara, hiyo ndiyo iliyokuwa elimu. Sisi watoto tuliona vumbi tu. Yeye aliuona mguu.

Subira ya mtu huyo ilijaribiwa sana mwaka 1979. Huo ndio mwaka wa kwanza ambapo ulitolewa ubingwa wa dunia kwa madereva, kwani kabla ya hapo sifa zilikwenda kwa watengenezaji wa magari. Mwaka ulianza Monte Carlo. Waldegård alikuwa akiongoza, usiku wa mwisho, alipokuta mawe yamewekwa njiani na watazamaji. Wakati ulipotea hapo, na mwisho wa mashindano alikuwa wa pili, nyuma ya Mfaransa Bernard Darniche, kwa tofauti ya nukta sita tu. Mtu mwingine angevunja usukani kwa hasira. Yeye aliendelea na mwaka wake, akashinda Ugiriki, akashinda Kanada, akikusanya pointi kidogo kidogo kama mtu anayejaza kibaba. Mashindano ya mwisho yalikuwa Kodivaa. Mikkola alikuwa wa kwanza, Waldegård wa pili, wote wawili katika magari ya Mercedes, na hesabu ilipopigwa Waldegård akawa bingwa wa dunia kwa kumzidi mwenzake pointi moja. Huko nyuma nukta sita zilimponyoka, na mbele pointi moja ikamtosha.

Baada ya hapo watu walianza kumwona kuwa ni mtu wa jana. Vijana wa Ulaya walikuja na mbio mpya, na magari yakaanza kusukumwa kwa magurudumu yote manne. Lakini Afrika haikuwa imemaliza naye. Kiongozi wa timu ya Toyota ya Ulaya alikuwa Mswidi mwenzake, Ove Andersson, aliyeishinda Safari mwaka 1975, naye alijua ni nani wa kumtuma huku. Mwaka 1984 Waldegård aliipa Toyota ushindi wake wa kwanza katika Safari, akiwa na Celica. Mwaka 1986 alishinda tena, safari hii msoma ramani wake akiwa Fred Gallagher. Kisha Aprili 1990, akiwa na Gallagher yule yule, alishinda mara ya nne.

Mara ya nne hiyo iliandikwa katika vitabu vya historia. Waldegård alikuwa na umri wa miaka 46, na hapana mtu mwenye umri huo aliyewahi kushinda mashindano ya ubingwa wa dunia ya namna hiyo. Rekodi hiyo ilikaa miaka 32, hata alipokuja Mfaransa Sébastien Loeb mwaka 2022 akashinda Monte Carlo akiwa na miaka 47. Wakati ule, mwaka 1990, nilikuwa kijana nimeanza kushika kalamu, na nakumbuka kwamba pale barazani kwetu Voi habari ile iliwafurahisha wazee kuliko vijana.

Lakini mwenda juu hushuka. Mwaka 1992 Waldegård alikuja tena, gari likamshinda, akapata ajali katika Safari hiyo hiyo na kuvunjika mkono. Hapo ndipo kazi yake ilipokoma, baada ya miaka thelathini. Alirudi Uswidi, shambani kwake.

Na katika miaka hiyo hiyo, ami yangu naye alistaafishwa. Kampuni aliyoifanyia kazi, ambayo sina haja ya kuitaja, ilimwita asubuhi moja ikamwambia kwamba macho yake ni ya mzee, ikampa bahasha na kumwomba arudishe ufunguo wa lori. Hakuwa na ajali hata moja katika maisha yake. Alirudi nyumbani kwa miguu kutoka stesheni, akaketi barazani, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kimya. Mwanawe, yaani binamu yangu, alikuwa na matatu iliyopita Mwatate na Taveta. Kwa miaka na miaka mzee alikataa kuipanda. Akitaka kwenda kwa jamaa zake Taveta, alipanda ya mtu mwingine, na huko alikaa kiti cha nyuma kabisa ili asiione njia. Mwanawe aliona kuwa ni dharau, na baba hakumweleza kuwa ni uchungu. Wakawa wanasalimiana tu, kama majirani.

Sasa tufike palipo na maana ya makala haya. Je, ni vema mzee kuurudia uwanja wa ujana wake? Wako wasemao kwamba ni aibu, kwamba mtu akishavua joho asilivae tena. Na mifano ipo ya kuwaunga mkono. Huko Marekani, mwaka 1989, ilianzishwa katika jimbo la Florida ligi ya mchezo wa besiboli kwa ajili ya wachezaji wa kulipwa waliokwisha kustaafu. Zilikuwa timu 8. Mchezaji alitakiwa awe na miaka 35 au zaidi, isipokuwa wadakaji, ambao waliruhusiwa wakiwa na 32, kwani kazi yao ya kuchutama huyaua magoti mapema. Walirudi watu waliokuwa na majina makubwa, wengine kwa kutafuta riziki, wengine kwa sababu hawakujua kazi nyingine wala furaha nyingine. Watazamaji hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, fedha zikapungua, na mwezi Desemba 1990, katikati ya msimu wa pili, ligi ikavunjika. Wale wazee wakakunja jezi zao mara ya pili, na kustaafu mara mbili, nadhani, kunauma zaidi ya mara moja.

Kwa nini ligi ile ilikufa? Mimi si mtu wa besiboli, lakini naona kwamba mchezo ule haukubadilishwa kwa ajili ya wazee. Uwanja ulikuwa ule ule, mpira ule ule, na anayetazama hakuweza kuacha kuwapima na vijana. Waliuza kumbukumbu, na kumbukumbu mtu hulipia mara moja tu.

Huku kwetu jambo kama hilo lilichukua njia nyingine. Mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, 2003, ilipotimia miaka 50 tangu Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani, yanayoitwa Safari Classic. Magari ni ya miaka ile ya sitini na sabini na jirani zake, njia ni ndefu, na vumbi ni lile lile, la Kenya na la Tanzania. Yakawa yanafanywa kila baada ya miaka miwili. Milima yetu ya Taita na tambarare za Tsavo zikasikia tena milio ya injini zilizokwisha kusahauliwa. Na madereva, wengi wao walikuwa na mvi.

Tofauti na ligi ile ya Florida ni hii: huku gari lilikuwa mzee kama dereva. Halikuweza kufanywa lishindane na la leo, wala hapana aliyelitaka lishindane nalo. Lililotakiwa ni kulifikisha. Na katika kufikisha, mwenye mvi ana cha kumfunza mwenye ndevu za kwanza.

Waldegård alikuja. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 64, alipanda Ford Escort, gari la ukoo ule ule aliloshindia miaka 30 kabla yake. Katika kiti cha pembeni, pale alipokuwa akikaa Thorszelius, safari hii alikaa kijana wa kwao mwenyewe: mwanawe, Mathias. Kazi ya msoma ramani, kwa asiyejua, si kazi ya abiria. Yeye ndiye anayemwambia dereva kilicho nyuma ya kona ambayo macho hayajaiona. Dereva humwamini au hufa. Baba yule alikabidhi macho yake kwa mwanawe, na wawili hao wakashinda.

Usidhani kwamba jambo hilo halikuwa na hatari. Mwezi Juni 2008, Ove Andersson, yule aliyekuwa kiongozi wake katika Toyota, alishiriki mashindano ya magari ya kale huko Afrika ya Kusini, akagongana na gari jingine, akafa. Alikuwa na miaka 70. Waldegård alimpoteza mtu waliyetoka naye mbali, tena katika mchezo ule ule ambao yeye mwenyewe alikuwa ameurudia. Angeweza kusema basi, yatosha. Hakusema.

Alirudi Novemba 2011, siku chache baada ya kutimiza miaka 68. Gari lake lilikuwa Porsche 911, lililotayarishwa na mafundi wa Tuthill wa Uingereza, na Mathias alikuwa tena pembeni. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba ilikuwa ni Porsche aliyoiendesha mwaka 1974, Joginder Singh alipomshinda. Mwaka 1978 pia alijaribu kwa Porsche, akawa wa nne. Alikuwa ameishinda Safari kwa Ford na kwa Toyota, lakini kwa gari lile lililomtoa ujanani na kumpa Monte Carlo, njia yetu ilikuwa imemkatalia. Baada ya siku tisa za vumbi na mawe, alifika wa kwanza. Deni la mwaka 1974 alilikusanya baada ya miaka 37.

Siku hizo nilikuwa Voi kwa shughuli za harusi. Habari zilitufikia kwa redio, jioni, baada ya sala ya alasiri, watu wakiwa wanakunywa kahawa. Nilimwendea ami yangu, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, akitembea kwa mkongojo, nikamwambia kwamba yule Mswidi wake ameshinda tena. Nilidhani atauliza umri wake, au atauliza gari. Aliuliza swali moja tu: nani alikaa pembeni yake?

Nikamwambia ni mwanawe.

Mzee alinyamaza. Alikizungusha kikombe cha kahawa mkononi hata kikapoa. Kisha akazungumza mambo ya harusi, nami nikadhani kwamba yamekwisha.

Asubuhi yake, alfajiri, binamu yangu alipokuwa akiwasha matatu kwenda Taveta, baba yake alitoka akiwa amevaa kanzu yake safi na kofia. Hakwenda kiti cha nyuma. Alifungua mlango wa mbele, akaingiza mkongojo kwanza, kisha yeye mwenyewe, akaketi karibu na dereva. Binamu yangu alinieleza baadaye kwamba mpaka Mwatate hawakusemezana. Walipoipita Bura mzee alianza kuonyesha kwa kidole: hapa pana shimo upande wa kushoto likijaa mchanga, hapa mvua ikinyesha shika katikati, hapa ondoa mguu kabla hujaiona kona. Njia ilikuwa imebadilika sana, na mengine aliyoyasema hayakuwapo tena. Binamu yangu alipunguza mwendo kwa yote, yaliyokuwapo na yasiyokuwapo. Abiria walinung'unika kwamba wanachelewa. Akawaacha wanung'unike.

Björn Waldegård alifariki tarehe 29 Agosti 2014, kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 70. Joginder Singh alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, huko London, na Shekhar Mehta tangu mwaka 2006. Mwaka 2015, Mswidi mwingine aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, Stig Blomqvist, alikuja akashinda Safari Classic kwa Porsche, akiwa na umri wa miaka 69, mmoja zaidi ya aliokuwa nao Waldegård. Mlango alioufungua mzee yule haukufungwa kwa kifo chake.

Ami yangu naye hayuko, Mungu amrehemu. Njia ya kwenda Taveta siku hizi ina lami, na gari la moshi la reli mpya hupita Voi bila ya kututia vumbi. Wingu jekundu limekuwa jambo la kusimulia. Wahenga walinena kwamba utu uzima dawa, lakini dawa haimfai mtu ikikaa ndani ya chupa. Ligi ya Florida iliwarudisha wazee ili watu wawatazame, ikafa. Safari iliwarudisha ili watie mkono katika kazi, nayo ikaishi.

Binamu yangu bado anaendesha. Nikipanda gari lake humtazama mguu wake tunapokaribia Bura. Huuondoa mapema, kabla ya kona, mahali ambapo lami ni safi na hapana shimo hata moja.